Bao la Jioni: Fundi Anajibu

Wasomaji wametuandikia kuhusu starehe ndogo za kuchangamsha moyo zisizotoboa mfuko, na wengi wametaja bao. Maswali yao tumeyapeleka kwa mchezaji mkongwe wa Unguja anayefundisha vijana.

Swali: Nimestaafu na jioni haziishi. Kila nikipita nawaona watu wamezunguka bao, lakini naona haya kusogea.

Jibu: Toa salamu, kaa. Kwenye baraza la bao watazamaji huwa wengi kuliko wachezaji, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Agiza kahawa na kashata, kisha tazama mikono. Watazamaji ndio wenye kelele: huyu anamlaumu mchezaji, yule anamcheka. Nawe siku yako ikifika utachekwa. Ndivyo wanavyokukaribisha.

Swali: Kanuni zake ni ngumu kama wanavyosema?

Jibu: Za bao la kiswahili ni ngumu, sikufichi. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64. Zetu ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe unaoota ufukweni. Kila mchezaji anaweka kete 6 kwenye nyumba, ambayo ni shimo la pembe nne, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zinabaki 22 mkononi, nazo unazinamua, yaani unazitia ubaoni moja moja.

Sasa tazama mkono mmoja tu. Unatia kete kwenye shimo lako la mbele lenye kete. Kama mkabala wake kwa mwenzako pana kete, umekula. Ulizokula unazisambaza kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele, moja kila shimo. Ya mwisho ikiangukia penye kete unaendelea, pengine unakula tena; ikiangukia patupu umelala, zamu imehama. Fundi anaiona safari yote hiyo kabla hajainua mkono. Mholanzi Alexander de Voogt alikuja kuwachunguza mafundi wa Zanzibar, na tasnifu yake ya mwaka 1995 inahusu umahiri huo.

Wewe usianzie huko. Anza na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna kunamua, mnaingia moja kwa moja kwenye mtaji, yaani kucheza kete zilizoko ubaoni tu. Ukishindwa kucheza hilo na mjukuu wako, tatizo si kanuni, ni uvivu.

Swali: Mchezo wa kete unaondoaje mawazo?

Jibu: Hauondoi deni wala kodi ya nyumba. Ila huwezi kufuatilia kete inakolala huku unapiga hesabu ya ada za watoto. Ukijaribu, nyumba yako italiwa, na baraza zima litashangilia. Kwa hiyo kwa muda ule akili inapumzika, itake isitake. Halafu kuna watu. Mtu akikosekana barazani siku mbili, wenzake wanamuulizia. Mimi naamini hilo linasaidia kuliko hata mchezo wenyewe.

Swali: Nimeona bao kwenye simu. Linatosha?

Jibu: Kwa kujifunzia kanuni, sawa. Kwa kuchangamka, hapana. Simu haikutanii.

Swali: Mume wangu anarudi saa nne usiku, akiulizwa anasema alikuwa kwenye bao. Nami natamani kujua, lakini baraza lao ni la wanaume watupu.

Jibu: Bibi, hakuna kanuni ya bao inayomkataza mwanamke, hayo ni mazoea ya baraza tu. Ununuliwe ubao, uwekwe nyumbani, na yeye ndiye akufundishe. Ama kurudi saa nne kila siku, hiyo si burudani tena, ni utoro. Bao mbili tatu baada ya alasiri zinatosha, mtu akawahi chakula na wanawe.

Swali: Tukiweka dau kidogo kunogesha?

Jibu: Msiweke. Pesa ikiingia, utani unatoka, na mnyonge anaacha kuja.

Swali: Kaka yangu alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Sasa hataki hata kulisikia, halali vizuri, hali, amejifungia ndani karibu mwezi. Tumlazimishe aje barazani?

Jibu: Msimlazimishe, na msimwambie ajikaze. Huzuni ya namna hiyo ikizidi wiki mbili, inaweza kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa na una tiba. Mimi ni fundi wa bao, si daktari. Mpelekeni hospitali wiki hii, na mmoja wenu aingie naye kwa daktari. Akizungumzia kufa au kujidhuru, msingoje kesho wala msimwache peke yake.