Mlevi wa Mchezo na Mlevi wa Barabarani



Swali la mwezi huu latokana na mambo yaonekanayo kila jioni katika nyumba nyingi: Je, michezo ya televisheni yaupamba ulevi wa madereva? Wengine hujibu, La, hatujaona bado mchezo uwaambiao watu wanywe kisha waendeshe gari. Wengine husema kwamba televisheni ndiyo iliyowaharibu vijana wote. Sisi twaona majibu haya yote mawili ni mepesi mno. Yatupasa kulitazama jambo lenyewe, nasi tutalitazama katika nchi ya Marekani. Maana ndiko itokako michezo mingi itazamwayo huku kwetu, tena ndiko nguvu ya michezo hii ilikojaribiwa kwa makusudi.

1. Kicheko cha kale na chombo kipya

Tangu kale mlevi amewachekesha watu. Mtu aliyekunywa mbege, akirudi kwake kwa miguu, huyumba, huimba, husalimu mgomba akidhani ni shemeji yake. Watoto humfuata wakicheka. Ulevi wake ni hasara kwake na huzuni kwa nyumba yake, lakini apitaye njiani hana sababu kubwa ya kumwogopa. Akianguka, huanguka mtaroni peke yake.

Mtu huyu huyu akishika usukani, mambo yamegeuka. Motokaa iendayo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kwa kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, gari limekwisha kwenda meta 11 zaidi, nazo zatosha kumfikia mtoto avukaye njia. Mlevi amepata magurudumu mahali pa miguu, lakini kicheko chetu kimebaki kile kile cha zamani. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

2. Mifano miwili

Mfano wa kwanza ni sinema iitwayo North by Northwest, iliyotengenezwa na Alfred Hitchcock mwaka 1959, nayo imeonyeshwa mara nyingi katika televisheni. Wabaya wamkamata mtu, wamnywesha wiski kwa nguvu, kisha wamtia katika motokaa kwenye njia ya magenge ili afe. Angalieni vema: wauaji hao wajua kwamba pombe pamoja na usukani ni silaha itoshayo kuua. Lakini watazamaji hucheka, kwa sababu mtu yule hukodoa macho, gari huyumba huku na huku, naye hupona. Basi, silaha ya mwuaji imekwisha kufanywa kichekesho.

Mfano wa pili ni The Andy Griffith Show, mchezo ulioonyeshwa toka mwaka 1960 hata 1968. Ndani yake yumo mlevi mmoja wa mji, jina lake Otis, ambaye akilewa huja mwenyewe gerezani, hujifungia, hulala mpaka pombe imtoke. Watu walimpenda sana, wakamcheka bila hofu. Lakini katika sehemu moja ya mwaka 1964 Otis alinunua motokaa. Mkuu wa polisi na msaidizi wake walihangaika mno. Siku alipolewa wakamfanyia hila, wakamwomboleza mbele ya macho yake kana kwamba amekufa, ili atambue mwisho wa njia yake. Hata watungaji wa kichekesho, basi, waliona kwamba mlevi wa miguu na mlevi wa gari ni watu wawili.

3. Kupamba kwa kunyamaza

Twasema nini basi? Televisheni haihitaji kusifu tendo hili kwa maneno. Huweza kulipamba kwa kuacha mambo yasionekane. Mtu mwenye mavazi mazuri anywa glasi ya tatu, awaaga rafiki zake, achukua ufunguo. Na katika picha ifuatayo yuko nyumbani kwake salama. Hakuna aliyesema neno baya. Lakini safari ya katikati imefichwa, na mtazamaji amekwisha kufundishwa kwamba haina hatari.

Tena liko fundisho jingine la uongo, la kahawa. Katika michezo mingi mlevi hupewa kikombe cha kahawa kali, au humwagiwa maji ya baridi, akawa mzima mara. Kweli si hivyo. Pombe huondolewa mwilini na ini kwa mwendo wake polepole, kwa muda wa saa nyingi. Kahawa huweza kupunguza usingizi, lakini haiharakishi kazi ya ini hata kidogo. Na jambo la kuogofya zaidi ni hili, kwamba pombe huidhoofisha mapema akili ya kuamua. Kwa hiyo asemaye, Mimi naweza kuendesha, hutoa ushahidi juu ya akili yake kwa akili ile ile iliyokwisha kulewa. Ushahidi huo tusiupokee.

4. Chombo kile kile kilipotumiwa vema

Mwaka 1988 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Jay Winsten, aliwaendea wenye kutengeneza michezo huko Hollywood. Hakuwataka wahubiri. Aliwaomba watie maneno machache tu katika michezo yao: mtu mmoja katika kundi aseme, Leo mimi ndimi dereva, sinywi. Desturi hii ya kumteua dereva kabla ya kunywa ilitoka nchi za Skandinavia, nchi za Walutheri wenzetu. Na huko Norway, tangu mwaka 1936, sheria ilikwisha kumkataza kuendesha gari mtu ambaye pombe katika damu yake yazidi sehemu 5 katika 10,000.

Waliitika. Katika muda wa miaka minne michezo zaidi ya 160 ilitia habari hii, na mmojawapo ulikuwa Cheers, ambao mambo yake yote yahusu baa moja mjini Boston. Mwaka 1991 jina la dereva mteule likaingia katika kamusi ya Kiingereza. Na toka 1988 hata 1992 vifo vya barabarani vihusianavyo na pombe nchini Marekani vilipungua karibu robo.

Tusiipe televisheni sifa yote. Tangu mwaka 1980 lilikuwako shirika la akina mama wapingao ulevi wa madereva, lililoanzishwa na mama aliyefiwa na binti yake, Candy Lightner. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kuyasukuma majimbo yote yasiwauzie pombe walio chini ya miaka 21. Wala vita havijakwisha, kwa maana katika mwaka 2022 peke yake watu zaidi ya 13,000 walikufa huko katika ajali za madereva walevi.

Hata hivyo habari hii yatujibu swali letu. Kama maneno machache mema ndani ya mchezo yaweza kuingia katika desturi ya taifa, hata katika kamusi yake, basi vicheko vingi vya upuuzi navyo huingia. Asemaye, Ni mchezo tu, hauna neno, na ajibu kwanza habari ya mwaka 1988.

5. Yatupasayo

Katekisimo chetu, kikiieleza amri ya tano, hutufundisha kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Twaagizwa pia kumsaidia katika hatari za mwili. Jirani huyo ni mtu aendaye kwa miguu kando ya barabara usiku.

Hatusemi mkavunje televisheni. Twasema keteni pamoja na vijana, na mchezo ukiisha, waulizeni: Ni nini kilichofichwa? Penye arusi, dereva na ateuliwe kabla ya kikombe cha kwanza kumiminwa, wala wengine wasidhani kwamba kuteuliwa kwake ni ruhusa ya wao kulewa. Na abiria, ukimwona dereva wa basi au wa pikipiki ananuka pombe, shuka. Kuchelewa kufika si aibu.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini mlevi wa miguu na mlevi wa gari hawafai kuchekwa kwa kicheko kimoja?
2. Taja mchezo mmoja ulioutazama ambamo mtu alikunywa kisha akaendesha. Ni nini kilichoachwa kisionyeshwe?
3. Je, kahawa huondoa pombe mwilini? Eleza.
4. Katika arusi ijayo ya usharika wenu, ni nani atakayeteuliwa, na ni nani atakayemwambia mapema?