Sockeye: Samaki Aliyepewa Jina na Watu wa Mto

Ukisoma neno sockeye kwenye kopo la samoni, usitafute jicho la ajabu. Mwenye kujua Kiingereza huona humo neno la jicho, lakini jina hilo si la Kiingereza. Lilitoka kwa wenyeji wa bonde la chini la Mto Fraser, British Columbia, magharibi mwa Kanada, wazungumzao Kihalkomelem. Wao walimwita suk-kegh, ambalo hufasiriwa "samaki mwekundu", na Wazungu wakalitamka kadiri ndimi zao zilivyoweza. Kitaalamu ni Oncorhynchus nerka. Nerka ni jina lake la Kirusi.

Baharini, sockeye si mwekundu. Magamba yake humeta kama fedha na mgongo wake ni wa samawati. Wekundu umo ndani ya nyama, nao hutokana na vijidudu jamii ya kamba anavyovichuja majini na kuvila. Akiingia mtoni kwenda kuzaa huacha kula, na rangi ile huhama kutoka kwenye minofu hadi kwenye ngozi. Mwili huiva wekundu, kichwa hugeuka kijani, taya za dume hupinda. Jike hutaga katika changarawe, kisha wazazi wote wawili hufa. Makinda hukulia ziwani, mara nyingi kwa mwaka mmoja, ndipo hushuka baharini. Wengi wa Fraser hurudi wakiwa na miaka minne.

Njia hiyo ya mtoni ndiyo roho yake. Mwaka 1914, mawe yaliyoporomoka kwa sababu ya ujenzi wa reli yalibana korongo la Hell's Gate kwenye Mto Fraser. Mkondo ukawashinda samaki, wakafa wengi mno kabla ya kutaga. Njia za saruji za kuwapitishia zilijengwa katikati ya miaka ya 1940. Wenyeji walikuwa wamepungukiwa na chakula chao kwa miaka mingi, na hilo halipaswi kusahaulika. Mwaka 2010 samaki waliorudi Fraser walikuwa takriban milioni 30, ilhali mwaka uliotangulia hawakufika milioni 2.

Msomaji uliyeko Kanada unaweza kuwatazama Oktoba katika Mto Adams, British Columbia, ambako hufurika kila mwaka wa nne. Pita kwenye vijia vilivyotengwa, mzuie mbwa asiingie majini, wala usikanyage changarawe: mayai yamo humo hadi majira ya kuchipua.