Melanoma Iliyoenea: Kisu, Mionzi na Dawa Vinaposaidiana



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunajifunza juu ya kansa ya ngozi iitwayo melanoma, hasa pale inapokuwa imekwisha kutoka mahali ilipoanzia na kuenea mwilini. Familia zikifikwa na ugonjwa huu mara nyingi huingia katika mabishano. Mmoja anataka mgonjwa apasuliwe, mwingine anasema asiguswe kisu bali apewe dawa tu, wa tatu anashauri mionzi. Tungependa kuonyesha kwamba tiba hizi hazipingani. Kila moja ina kazi yake, na zikipangwa vizuri na kwa wakati wake, moja huisaidia nyingine.

MELANOMA NI NINI?

Ndani ya ngozi zimo chembe hai ndogo sana zinazotengeneza rangi. Sote tunazo, weusi kwa weupe. Chembe hizo zikiharibika na kuanza kuzaana bila utaratibu, hapo ndipo melanoma inapoanza. Kwa Wazungu sababu kubwa ni jua. Kwetu sisi watu weusi ugonjwa huu ni wa nadra zaidi, lakini ukitupata hupenda kuanzia kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo jua si chanzo kikubwa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Mimi ni mweusi, kansa ya ngozi hainihusu."

Dalili za kuangalia ni hizi:

(a) Doa jeusi au la kahawia kwenye wayo au kiganja, linalokua au kubadilika umbo na rangi.

(b) Mstari mweusi kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka au kuingia kwenye ngozi ya pembeni. (Mistari myembamba kwenye kucha nyingi ni jambo la kawaida kwa watu weusi.)

(c) Kidonda cha wayo kisichopona kwa wiki kadhaa na kinachotoa damu kirahisi, hata kama mtu anakumbuka kuchomwa na mwiba.

(d) Uvimbe wa mtoki usiouma, upande ule ule wa mguu wenye doa au kidonda.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, ungali juu juu kwenye ngozi, mara nyingi upasuaji peke yake hutosha kuuponya. Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka.

MFANO UNAOJULIKANA

Mwaka 1977 mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kidole hakikukatwa, iliondolewa sehemu ya chini ya ukucha tu. Aprili 1980 aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, na watu walimwona bado ana nguvu. Miezi mitano baadaye alianguka huko New York, ikaonekana kansa imefika kwenye ubongo. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Ugonjwa ulioanzia kwenye kidole ulikuwa umetembea kimya kimya ndani ya mwili. Wakati ule hapakuwa na dawa yenye uwezo mkubwa wa kuufuata huko ulikokwenda.

TIBA ZA SEHEMU MOJA

Upasuaji huondoa uvimbe. Mionzi huuchoma pale ulipo. Zote mbili hufanya kazi mahali zinapoelekezwa, si zaidi. Mkulima aweza kung'oa magugu yote kwenye tuta moja, lakini kama mbegu zimekwisha kupeperushwa shamba zima, kazi yake haijakwisha. Vivyo hivyo melanoma ikishaingia kwenye mapafu, ini au ubongo, kukata mguu peke yake hakuwezi kumponya mgonjwa.

DAWA ZINAZOLENGA

Mwaka 2002 wataalamu nchini Uingereza waligundua kuwa melanoma nyingi zina kasoro katika jeni iitwayo BRAF. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya chembe hai. Kasoro hiyo ni kama swichi ya taa iliyokwama: chembe inaamriwa kuzaana mchana na usiku bila kuzimwa. Mwaka 2011 dawa ya kwanza ya kuzima swichi hiyo, vemurafenibu, ilipitishwa Marekani. Baadaye ilionekana kuwa dawa mbili kwa pamoja, kwa mfano dabrafenibu na trametinibu, hufanya kazi vizuri kuliko moja.

Ni vidonge, navyo husafiri mwili mzima kwa njia ya damu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa kati ya wagonjwa 100 waliotumia dawa hizo mbili, 34 hivi walikuwa hai baada ya miaka mitano. Huko nyuma wagonjwa wengi wa hatua hiyo hawakumaliza mwaka. Hata hivyo, ni 19 tu kati ya 100 ambao ugonjwa ulikuwa haujaanza kukua tena. Kansa hutafuta njia ya pembeni, na dawa iliyokuwa ikishinda huanza kushindwa.

Tena dawa hizi ni kwa wale tu ambao kansa yao ina kasoro hiyo. Kwa Wazungu ni karibu nusu ya wagonjwa. Kwa melanoma ya wayo na kucha ni wachache zaidi. Asiye na kasoro hiyo hazimfai, na zaweza kumdhuru. Ndiyo maana kipande cha uvimbe hupimwa kwanza maabara. Zipo pia dawa za namna nyingine, zinazoamsha askari wa mwili wapigane na kansa. Ugunduzi wake uliwapatia James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Siku hizi madaktari mara nyingi huanza na hizo, kisha wakaja kwenye vidonge endapo zimeshindwa.

JINSI TIBA ZINAVYOSHIRIKIANA

1. Dawa kwanza, kisu baadaye. Uvimbe mkubwa usioweza kutolewa salama hupunguzwa kwa dawa, kisha daktari wa upasuaji huutoa.

2. Kisu kwanza, dawa baadaye. Kansa ikiwa imefika kwenye mtoki, huondolewa yote inayoonekana. Halafu mgonjwa mwenye kasoro ya BRAF aweza kumeza vidonge mwaka mmoja ili kuua mabaki yasiyoonekana.

3. Dawa inaendelea, sehemu kaidi inatibiwa. Huenda dawa ikautuliza ugonjwa kote isipokuwa uvimbe mmoja. Badala ya kuacha dawa inayosaidia, daktari huukata uvimbe huo au kuupiga mionzi.

4. Ubongo. Hapa dawa peke yake mara nyingi haishiki kwa muda mrefu. Mionzi mikali inayoelekezwa kwa usahihi kwenye uvimbe tu husaidiana nayo.

5. Kutuliza mateso. Maumivu ya mfupa huweza kupungua kwa mionzi ya siku moja tu, na kidonda kinachotoa damu au harufu huweza kukaushwa. Hii nayo ni tiba, hata kama haiponyi.

TAHADHARI

Kushirikisha tiba si kuzichanganya ovyo. Dawa za BRAF na mionzi vikikutana siku moja vyaweza kuunguza ngozi na kudhuru viungo vya ndani. Wataalamu wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba vidonge visimamishwe angalau siku 3 kabla na siku 3 baada ya mionzi ya kawaida, na siku 1 kabla na 1 baada ya ile mionzi ya kulenga uvimbe. Mgonjwa asisimamishe dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze kila daktari anachomeza, pamoja na mitishamba. Kidonda kisichomwe moto wala kupakwa dawa kali nyumbani.

Jambo lingine ni homa. Zaidi ya nusu ya wanaotumia dabrafenibu na trametinibu hupata homa kutokana na dawa zenyewe. Kwetu homa yaweza kuwa malaria vilevile. Mgonjwa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, wala asinunuliwe dawa ya malaria kwa kubahatisha.

FAMILIA IFANYE NINI?

Dawa hizi ni ghali mno, na hospitali zetu nyingi hazinazo. Kabla ya kuuza shamba au ng'ombe, familia ikae na daktari na kumwuliza: Ugonjwa umefika wapi? Kipimo cha jeni kimefanyika? Tiba hii inatarajiwa kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu? Nchini Tanzania huduma za kansa zinapatikana Ocean Road (Dar es Salaam), Bugando (Mwanza) na KCMC (Moshi).

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga na dawa, maana vyote vyatoka kwa Mungu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inaeleza kuwa inaruhusiwa kuacha tiba zenye mzigo mzito usiolingana na matokeo yanayotazamiwa. Kuacha tiba ya namna hiyo si kumwua mgonjwa. Lakini kumwacha mgonjwa mwenyewe, bila dawa ya maumivu, bila kuoshwa kidonda, bila wa kukaa naye, hilo haliruhusiwi kamwe. Morfini ya maji ikitolewa na daktari si ya kuogopwa. Na Padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, si mgonjwa akiwa amekwisha kupoteza fahamu.

Leo jioni, kabla ya sala ya familia, tuoshe miguu na kuangaliana nyayo, wazee na watoto. Doa la kutia shaka lipelekwe hospitali wiki hii hii.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini kukata uvimbe peke yake hakutoshi kansa ikishaenea?

2. Kwa nini mgonjwa apimwe jeni kabla ya kupewa vidonge vya BRAF?

3. Katika jumuiya yetu, ni nani mwenye kidonda au uvimbe anayehitaji kusindikizwa hospitali? Nani atakwenda naye?