Mizani ya Mkojo: Nasaha za Kujikinga na Mawe ya Figo kwa Nyumba za Waswahili wa Guangzhou

Neno la kwanza

Mji wa Guangzhou una historia ndefu na maradhi ya mawe. Mwaka 1835, wageni walipokuwa wakiuita mji huu Canton, tabibu wa Kimarekani Peter Parker alifungua humu hospitali ya macho. Na baada yake John Kerr, aliyeitumikia hospitali hiyo kwa miaka mingi ya nusu ya pili ya karne ya 19, aliwapasua wagonjwa zaidi ya elfu moja ili kuwatoa mawe ya kibofu. Sun Yat-sen, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa jamhuri ya China, alisomea utabibu hapo mwaka 1886, na hospitali iliyoirithi kazi ile inaitwa leo kwa jina lake. Mawe ya kibofu yamepungua tangu siku hizo, lakini mawe ya figo yamechukua nafasi yake: utafiti uliotangazwa mwaka 2017, ulioongozwa na matabibu wa Guangzhou na kufanywa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 17 wa China, mmoja hivi ana jiwe ndani ya figo.

Sisi tuliofika hapa kutoka Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi, tukapanga vyumba Xiaobei na Sanyuanli kwa ajili ya biashara, tunaishi katika joto hili hili na kula katika masoko haya haya. Kijitabu hiki kina neno moja la kumwambia kila mwenye nyumba: mawe ya figo ni ya namna mbalimbali, na dawa inayoyeyusha jiwe la huyu yaweza kukuza jiwe la yule. Maji ni ya wote, wastani katika chakula ni wa wote. Ama vidonge na dawa za kugeuza mkojo ni za mtu aliyekwisha kulijua jiwe lake.

Jiwe huzaliwaje

Aliyepata kuona mashamba ya chumvi ya pwani yetu anaijua siri ya jiwe la figo. Maji ya bahari yakiingizwa katika majaruba, yakapigwa na jua, yakapungua, chumvi iliyokuwa haionekani huanza kushikana chembe kwa chembe mpaka ikawa ukoko mweupe. Ndani ya figo hali ni hiyo hiyo: mkojo huchukua takataka na chumvi za mwili, na maji yakiwa haba, chumvi hizo hugandamana zikawa mchanga, mchanga ukawa kokoto, na kokoto ikishuka katika mrija mwembamba uendao kwenye kibofu, huleta maumivu ambayo mtu hayasahau.

Mawe mengi hufanyika kwa kalsiamu, yaani madini yale yaliyomo katika mifupa na maziwa, ikishikana na oksaleti itokayo katika mboga na mbegu kadha wa kadha, na nyingine itengenezwayo na mwili wenyewe. Yako mengine ya kalsiamu na fosfeti; yako ya tindikali ya yuriki, ambayo ni ndugu wa maradhi ya jongo; yako yaletwayo na vijidudu vya uambukizo katika njia ya mkojo; na machache ni ya urithi wa nasaba. Kila moja lina tabia yake, na ndiyo maana shauri la jirani, hata akiwa mtu mwema, halitoshi.

Maji kabla ya dawa

Mfanyabiashara wetu hutoka asubuhi kwenda kutazama mikoba Baiyun au nguo karibu na stesheni ya reli, akapanda na kushuka ghorofa, akatoka jasho katika mwezi wa Julai, na kwa kuwa choo kiko mbali na shughuli ni nyingi, hujizuia asinywe maji mpaka magharibi. Akirudi chumbani mkojo wake ni wa rangi ya chai ya rangi. Hilo ndilo jaruba la chumvi tulilolitaja, na kila siku ya namna hiyo huongeza chembe juu ya chembe.

Kipimo ni kunywa kiasi cha kumfanya mtu akojoe lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, na kwa watu wengi sharti hilo halitimizwi bila ya kunywa karibu lita tatu wakati wa joto. Dalili njema ni mkojo mweupe unaokaribia maji ya dafu. Huko Italia, utafiti uliotangazwa mwaka 1996 uliwafuata kwa miaka mitano watu 199 waliokwisha kuugua jiwe mara ya kwanza: katika wale walioagizwa kunywa maji mengi, 12 kwa mia walirudiwa na maradhi, na katika wale walioachwa na desturi yao, 27 kwa mia. Hapana kidonge chenye bei rahisi kuliko hicho.

Wachina wametutangulia kwa desturi moja nzuri: huchukua chupa ya chai kila waendako, na katika stesheni, ofisi na hospitali kuna bomba la maji ya moto, waitayo kaishui, ambalo mpita njia hujaza bure. Nunua chupa, ijaze, uimalize kabla ya adhuhuri, uijaze tena, kisha unywe bilauri moja kabla ya kulala, maana usiku ndio wakati mkojo unapokuwa mzito. Chai ya limau ya kupondwa iuzwayo kila pembe ya mji ina manufaa, kwa sababu limau lina sitreti inayozuia chembe zisishikane. Lakini sukari nyingi huharibu manufaa hayo, basi mwambie muuzaji "bu jia tang", yaani usitie sukari. Mwenye maradhi ya moyo, au ambaye figo zake zimedhoofika, asiongeze maji kabla ya kumwuliza daktari.

Sahani ya nyumbani

Jambo la kwanza ni chumvi. Figo ikitoa chumvi nyingi, hutoa na kalsiamu nyingi pamoja nayo, na kalsiamu hiyo ndiyo malighafi ya jiwe. Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu mzima kikomo cha gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya mchuzi wa soya, ya tambi za pakiti, ya samaki mkavu na ya vidonge vya supu.

La pili ni maziwa, ambayo wengi huyaacha kwa hofu. Watu husema: jiwe ni kalsiamu, basi nisile kalsiamu. Maneno hayo yana sura ya hekima, lakini vipimo vimeyakanusha. Kalsiamu ya chakula hukutana na oksaleti ndani ya matumbo, zikashikana humo na kutoka na choo, bila ya kufika kwenye figo. Mwaka 2002 matabibu wa Italia walitangaza habari za wanaume 120 waliokuwa wakirudiwa na mawe: kwa miaka mitano, 60 walikula kalsiamu ya kawaida pamoja na chumvi kidogo na nyama kidogo, nao 60 wengine wakapunguziwa kalsiamu. Wa kwanza waliorudiwa walikuwa 12; wa pili walikuwa 23. Basi kunywa maziwa au mtindi, kula dagaa na mifupa yao, na fanya hivyo wakati wa mlo.

La tatu ni mboga. Mchicha na spinachi zina oksaleti nyingi, na kadhalika korosho, lozi na chokoleti. Hatukuambii uziache, zichemshe katika maji mengi, uyamwage maji yale, kisha uzile pamoja na mtindi au dagaa. Lakini tunda moja la mji huu linataka hadhari. Linaitwa yangtao, ni la manjano, lina pembe tano, na ukilikata hutoa vipande vya umbo la nyota. Huyo ni ndugu wa birimbi letu la kuungia mchuzi, na wote wawili wamejaa oksaleti. Kipande kimoja hakimdhuru mzima, lakini bilauri za maji yake, hasa juu ya tumbo tupu, zimepata kuharibu figo. Na mwenye figo dhaifu asilionje kabisa, kwa kuwa lina sumu inayopanda kwenye ubongo.

La nne ni nyama, maini, na supu za Guangzhou zinazochemshwa kwa saa nyingi juu ya moto mdogo. Supu hizo ni tamu, lakini viini vinavyozaa tindikali ya yuriki hutoka katika nyama vikabaki katika mchuzi. Mwenye jongo azitumie kwa nadra.

Vidonge vya nyongeza

Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000, vile vitoavyo povu ndani ya maji, hununuliwa kama peremende. Mwili hubadili sehemu ya vitamini hiyo kuwa oksaleti, na utafiti wa Sweden wa mwaka 2013 uliona kwamba wanaume waliokuwa wakimeza vidonge hivyo walipata mawe kwa kiasi cha mara mbili kuliko wasiovimeza. Chungwa na pera vyatosha. Vidonge vya kalsiamu, kama daktari amekuagiza, vimezwe pamoja na chakula. Ama majani ya jinqiancao, ambayo waganga wa Guangdong huyachemshia wenye mawe, mwenye kuyatumia amweleze daktari wake, wala asiyafanye badala ya kipimo.

Tindikali ya mkojo

Tindikali hupimwa kwa kijikaratasi kinachobadilika rangi, na hesabu yake huitwa pH: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni kinyume chake. Mkojo ukikaa chini ya 5.5, tindikali ya yuriki huganda. Ukipandishwa na daktari mpaka kati ya 6.5 na 7 kwa dawa ya potasiamu sitreti, jiwe hilo huweza kuyeyuka bila kisu. Lakini mkojo ukizidi 7, mlango wa jiwe la fosfeti hufunguka, na jiwe la uambukizo hustawi katika hali hiyo hiyo. Kwa hiyo anayekunywa magadi kila asubuhi kwa kusikia tu, pengine anaponya maradhi asiyokuwa nayo na kujiletea aliyokuwa salama nayo. Fauka ya hayo, magadi yana sodiamu inayofanya kazi ya chumvi, na potasiamu nyingi ni hatari kwa moyo wa mwenye figo dhaifu.

Usikawie

Piga simu 120 au nenda hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya:

1. Maumivu ya kiuno pamoja na homa au kutetemeka.
2. Mkojo kukatika kabisa.
3. Kutapika hata maji hayakai tumboni.
4. Maumivu ya namna hiyo kwa mwanamke mjamzito, au kwa mtu mwenye figo moja.

Damu katika mkojo, hata bila maumivu, nayo ionyeshwe kwa daktari.

Neno la mwisho

Ukiambiwa kwamba jiwe lako ni dogo na litashuka lenyewe, nunua chujio jipya la chai, ulitenge kwa kazi hiyo peke yake, ukojoe juu yake kila mara mpaka jiwe litoke. Litakuwa kama punje ya mtama, pengine dogo zaidi, na mkono utashawishika kulitupa kwa hasira ya taabu uliyoipata. Usilitupe. Lisuuze, lifunge katika karatasi safi, ulipeleke maabara, na uulize swali moja: jiwe hili ni la namna gani? Jawabu la swali hilo ndilo litakaloamua ule nini na umeze nini, nawe utakuwa na hoja ya kumjibu kila mwenye kukuletea dawa mkononi.