REALE YA MZINGA NA REALE YA BIBI

Mwanafunzi wetu mmoja alituletea darasani sarafu kubwa ya fedha kutoka kwenye sanduku la bibi yake hapa Same. Nyumbani waliiita reale ya mzinga. Tukaigeuza huku na huku tukitafuta mzinga, tukamkuta mwanamke aliyejitanda mtandio, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili.

Reale ya mzinga hasa ilikuwa ya Wahispania. Toleo la miaka ya 1732 hadi 1772 lilikuwa na nguzo mbili zimesimama majini, na katikati yake tufe mbili za dunia chini ya taji. Fedha yake ilichimbwa Mexico na Potosí. Nguzo hizo ni alama ya mlango wa bahari wa Jabal Tariq, mlima wenye jina la Tariq bin Ziyad aliyevuka hapo mwaka 711. Watu wa pwani waliona mizinga, na Waarabu vilevile wakaiita abu midfaa. Nasi tukiitazama picha yake, twaona hawakukosea sana!

Ya bibi ni reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alifariki 1780, lakini sarafu iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo, kwa kuwa wafanyabiashara waliizoea sura ile. Basi mwaka ulioandikwa hauonyeshi umri wa sarafu.

Huku milimani Wapare walijulikana kwa kufua chuma na majembe. Reale ilikuwa hesabu ya pwani, kule misafara ya bonde la Ruvu ilikoanzia, Pangani.

Sasa tuje kwenye somo. Bibi anazo 30, na miaka yote hakuzitolea zaka kwa kuwa "si pesa tena, dukani hazipokelewi". Ndugu wanafunzi, zaka ya fedha haitazami sura ya mfalme wala duka. Hutazama uzito. Reale ya Sham ina gramu 28, na fedha halisi ndani yake ni gramu 23.4. Zidisha kwa 30, utapata gramu 702. Nisabu ni dirhamu 200, yaani takriban gramu 595. Imepita. Zaka yake ni sehemu moja ya arobaini, gramu 17 na nusu hivi, haifiki hata reale moja. (Vito vya kuvaa vina maelezo yake, muulize mwalimu wako.)

Tulipompelekea hesabu, bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na ile miaka iliyopita, walimu?"

Tukamwambia kuwa hiyo nayo ni deni. Akaomba kalamu.