Dondoo Muhimu: Mahali pa Kiwakilishi katika Vitenzi vya Kiingereza

Mwanafunzi wa Homa Bay anayezungumza Kijaluo, lugha inayobandika kiwakilishi cha mtendwa mwishoni mwa kitenzi, kama katika "kawe", yaani "kichukue", ana msingi mzuri wa kuelewa kwa nini Kiingereza husema "pick it up", kamwe si "pick up it": kiwakilishi hukifuata kitenzi papo hapo, kisha kielezi, hapa "up". Mwenzake wa Migori anayezungumza Kikuria, ambacho hutanguliza kiwakilishi kabla ya mzizi kama Kiswahili, apewe mazoezi zaidi. Lakini kihusishi, neno linalotawala nomino au kiwakilishi, hubaki mbele ya kiwakilishi: "look after it". Kosa la kuangaliwa zaidi, lililozoeleka Afrika Mashariki, ni kudondosha kielezi: "pick me" humaanisha "nichague", ilhali msafiri anayesubiri gari Rongo hukusudia "pick me up".