Kijana mwenye deni anataka kuacha shamba: tumushauri nini?



Katika koperative zetu za Kabare, Walungu na Kalehe kuna habari inayorudi mara kwa mara, zaidi kisha mavuno ya sezoni A. Kijana aliyelima vizuri anakuja kwa prezidenti ao kwa mama keshie na kusema: "Mimi naacha. Shamba hailipe. Niko na deni, naenda Kamituga kuchimba zahabu."

Wazee wanamujibu kwa namna mbili. Kuna wanaomugombeza kwamba vijana wa sasa ni wavivu. Kuna wanaomupa pole na kumuacha aende. Jibu lile ao hili, deni halipungue hata franga moja. Fundisho hili ni kwa ajili ya wale wanaoulizwa: komite, mujomba, baba mukwe, jirani.

Kijana amefunga mambo mawili katika muzigo moja. Kuna deni, na kuna kazi. Anafikiri akiacha kazi deni litabaki nyuma. Lakini deni linajua njia ya Kamituga kuliko yeye. Kwa hiyo tuanze kwa kufungua ule muzigo.

Tuhesabu pamoja naye

Chukueni kaye na bic, muikae chini naye, na bibi yake akiwa pale. Bila bibi hesabu haitakuwa ya kweli, sababu yeye ndiye anajua maharagi ngapi yaliliwa nyumbani.

Tufanye mufano. Mwanzo wa mwezi wa tisa kijana alikopa dola 100 kwa mutu wa banki Lambert, kwa faida ya dola 30 kila mwezi. Alinunua kilo 30 za mbegu ya maharagi kwa dola 36, akalipa watu wa kulima dola 40, akakodi shamba kwa dola 24. Mvua ilikuwa muzuri. Akavuna kilo 240. Nyumbani walikula 60, akaweka 30 za mbegu, akauzisha 150 mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, wakati kila mutu anauzisha na bei iko chini: dola 0,60 kwa kilo. Akapata dola 90.

Miezi ine ya Lambert inafanya dola 120 za faida peke yake. Alitoa zote 90, angali anadaiwa faida ya 30, na zile 100 hazijaguswa. Ndiyo maana anasema shamba hailipe.

Sasa tuhesabu shamba lile lile, mavuno yale yale, lakini pesa ilitoka katika AVEC ya kijiji kwa dola 5 kila mwezi, na kikundi kikakubali arudishe kisha miezi sita. Anaweka maharagi yake katika depo na kuyauzisha mwisho wa mwezi wa pili, kwa dola 0,90. Anapata 135. Anarudisha 130. Anabakia na dola 5, mbegu yake iko ndani, na watoto wamekula kilo 60.

Dola 5 si utajiri, na hatutamudanganya kijana juu ya hilo. Lakini aone wazi ni nini kilimukula. Shamba lilifanya kazi yake, na Lambert akavuna. Kama kisha hesabu hii inaonekana kwamba shamba lenyewe linapoteza hata bila faida ya deni, basi hapo yuko na sababu ya kweli ya kuacha, na tusimuzuie.

Shamba ni la nani?

Swali hili tunalipita haraka, na si vizuri. Katika Bushi, mutu aliye na udongo wa bwasa amekodi kwa sezoni ao kwa mwaka. Hana ruhusa ya kupanda kahawa ao ndizi, na akiondoka hapotezi kitu kikubwa. Lakini udongo wa kalinzi, ambao babu alilipia kwa mwami ao kwa mukubwa wa kijiji, zamani kwa ngombe, unarizishwa kutoka baba kwa mutoto. Huo si wake peke yake.

Na ni huo ndio Lambert anaangalia. Mara nyingi deni la dola 100 linakuwa 250 kisha miezi tano, na mwenye kudai anasema kwa upole: "Nipe ile fasi ya chini karibu na muto, tumalizane." Kijana anasikia kama neema. Kwa maharagi ya sezoni moja anatoa udongo ambao watoto wake wangelima miaka yote. Mimi naona kama kuna jambo moja ambalo komite inapaswa kusimama imara na kusema hapana, ni hili. Mbuzi auzishe. Baiskeli auzishe. Hata mabati, kama hakuna njia ingine. Udongo wa kalinzi usitoke kwa deni la sezoni.

Kwenda kwa mwenye kudai

Kijana asikimbie na asiende peke yake. Aende na watu wawili wenye kuheshimiwa, mwenye kudai akiwa ametulia, si siku ya soko. Aseme: nimekopa 100, nimekwisha kutoa 90, sikatai deni, lakini naomba faida isimame leo, nilipe zile 100 kidogo kidogo. Wengi wanakubali, kwa sababu wanajua kijana akienda Kamituga hawataona kitu. Wakikubali, iandikwe: pesa ngapi zimebakia, tarehe gani, nani alishuhudia. Kila malipo yawe na sinyatiri. Deni lisiloandikwa halina mwisho.

Akitisha kwamba atamufungisha, kijana ajue kwamba Kongo ilikubali mwaka 1976 mukataba wa kimataifa unaokataza kufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mapatano. Tunajua namna mambo yanaendaka kwetu, lakini ni vizuri mashahidi walijue neno hilo kabla ya kwenda.

AVEC inaweza kulipia deni lile? Pesa ya sanduku ni akiba ya wamama, si ya huruma. Vikundi vingi vinakopesha hadi mara tatu ya akiba ya mutu, na kijana huyu akae ndani ya kipimo hicho kama wengine. Tena Lambert aandike kwanza kwamba deni limekwisha. La sivyo atakuwa na madeni mawili.

Na Kamituga?

Tusimuambie kwamba kuchimba ni kazi mbaya. Kuna waliojenga nyumba kwa zahabu. Aulize tu namna inavyoenda. Mwenye shimo, yule wanaita PDG, analisha wachimbaji wakati wanatafuta muamba wenye zahabu, na inaweza kuchukua miezi bila mutu kupata kitu. Chakula, taa, dawa, vyote vinaandikwa. Siku zahabu inatoka, kwanza gharama zinakatwa. Maana yake kijana anatoka katika deni moja na kuingia katika lingine, mbali na ndugu zake. Hatari pia iko: tarehe 11 mwezi wa tisa 2020 mvua kubwa ilijaza mashimo ya Kamituga, na watu karibu 50 walikufa.

Pikipiki mujini ni vilevile. Swali la kwanza: pikipiki ni ya nani, na mwenyewe anataka apewe ngapi kila jioni?

Kama kisha yote hayo angali anataka kwenda, aende kwa heshima. Lakini mbele ya safari: karatasi ya deni iwe tayari, bibi yake ajue kiasi na tarehe, shamba liwe na mutu wa kulilima kwa mapatano yaliyoandikwa, mbele ya ndugu, na aulize koperative fungu lake la uanachama litakuwaje, kufuatana na statuti. Mulango usifungwe nyuma yake. Anayerudi kisha mwaka moja na aibu hataingia kama tulimucheka alipotoka.

Kwa mazungumzo katika kikundi

Lambert anapata watu mwezi wa nane na wa tisa, wakati mbegu na pesa ya masomo ya sekondari vinaitika siku moja. Katika kijiji chenu, ni nani anakopesha wakati ule, na kwa faida ngapi? AVEC yenu inagawa sanduku mwezi gani, na inawezekana kuisogeza mbele ya mbegu? Ni vijana wangapi wa koperative waliokopa mwaka huu bila komite kujua, na ni nani kati yenu wangeweza kumuambia bila kuogopa?